Ameyasikia Wapi, na Nani Mwingine Anasikia?

Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu hapa hapa Bukavu, unateremka hadi uwanda wa Uvira na kuingia Ziwa Tanganyika. Mtoto yeyote wa Nguba anajua maji yanaelekea wapi. Lakini mwaka 1858 jambo hilo liliwanyima usingizi Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliofika Ujiji wakitafuta chanzo cha Nile. Speke alivuka ziwa kwenda kumwona mfanyabiashara Hamed bin Sulayyim, akarudi na habari tamu: kaskazini kuna mto mkubwa unaotoka ziwani. Huenda ndio Nile yenyewe! Mitumbwi ikatafutwa, wapiga makasia wakalipwa, wakapanda hadi Uvira. Huko wana wa mtawala wa eneo wakawaambia wazi kwamba Ruzizi haitoki ziwani, inaingia. Ndipo Sidi Mubarak Bombay, mkalimani wao, akasema Speke hakumwelewa Hamed. Mzee alisema mto unaingia.

Hakuna aliyesema uongo. Maneno ya Hamed yalipitia kwa Bombay, aliyeyageuza kwa Kihindustani alichokichukua India, yakamfikia Speke aliyejua lugha hiyo kwa kadiri ya ofisa wa jeshi, kisha yakafika kwa Burton kwa Kiingereza. Mahali fulani njiani mto ukageuka. Kwa haki, Bombay anastahili sifa kuliko wote, maana ndiye aliyerudi kusahihisha, ingawa gharama zilikwisha lipwa.

Leo watu wa Bukavu wenye simu za kisasa wanaanza kuuliza akili mnemba mambo ya kila siku: dozi ya dawa, barua ya kumwombea mtoto nafasi shuleni, migomba inayonyauka Kabare. Matangazo yanasifu wepesi wa majibu. Mimi nadhani mji huu umekwisha kuishi na wasaidizi wa kila aina, na umejifunza kuwapima kwa maswali mawili: huyu ameyasikia wapi anayoniambia, na nani mwingine anasikia ninayomwambia?

Swali la pili lililetwa na ukoloni. Ubelgiji na Ujerumani ziligombania ardhi hii hadi mkataba wa mpaka wa 1910, na mji ukaitwa Costermansville, jina lililodumu hadi 1954. Ofisi zilisema Kifaransa. Watu walisema Mashi, Kihavu, Kirega, na Kiswahili kilichopanda na misafara kutoka pwani, kisha kikachukuliwa na wamisionari na serikali. Katikati alikaa karani. Alijua kodi unayodaiwa, shamba unalogombania, ndugu aliyetoroka kazi ya barabara. Ulimweleza shida yako kwa Kiswahili, yeye akaiandika kwa lugha usiyoisoma, ukatia kidole gumba. Kama aliandika ulichosema au alichotaka bwana wake, hukuwa na njia ya kujua. Makarani wema walikuwepo, na familia nyingi za mjini zina mmoja wa kujivunia. Ila mshahara wake haukutoka kwako.

Zama za Mobutu zilipokuwa zinafifia, posta na simu za serikali zilikufa kifo cha polepole. Mwaka 1986 Miko Rwayitare alianzisha Telecel huko Kinshasa, miongoni mwa simu za mkononi za mwanzo Afrika, lakini bei yake ilikuwa ya wakubwa. Kivu ilibaki na foni, ile redio ya mawimbi mafupi iliyowekwa kwenye misheni na kwenye vibanda vya wafanyabiashara. Ukitaka habari za Shabunda, ambako barabara ilikuwa imemezwa na msitu, unaenda kwenye foni, unalipa, opereta anaita, unangoja. Sauti inakuja na mikwaruzo. Kila aliyewasha redio kwenye masafa hayo anasikia deni lako na ugonjwa wa mkweo. Watu walizoea kufumba maneno. Uzuri wa foni, nausema bila kejeli, ni kwamba kila mtu alijua inasikika. Hakuna aliyedanganywa kwamba yuko peke yake.

Kwa swali la kwanza, mfano bora tulioupata ni Radio Maendeleo, iliyoanzishwa Bukavu mwaka 1993. Nguvu yake ilitoka kwenye vilabu vya wasikilizaji mitaani na vijijini: watu walikusanyika, wakajadili shida zao na kuzirekodi, na sauti zao zikarudi hewani. Msikilizaji aliyepata habari ya bei ya maharage au ya barabara iliyokatika alijua imetoka kwa nani, na mara nyingi angeweza kwenda kumuuliza. Waasi wa RCD walipotawala mji huu waliifunga redio hiyo zaidi ya mara moja. Baadaye waandishi wawili wa Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa, Serge Maheshe mwaka 2007 na Didace Namujimbo mwaka 2008, waliuawa hapa Bukavu. Kutaja chanzo cha habari katika mji huu kuna gharama ambayo mtambo hauilipi.

Simu zikaja kwa wingi baada ya 2000. M-Pesa ikafika Kongo mwaka 2012. Mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025 na benki zikafunga milango, simu ikawa benki ya watu wengi. Kijisanduku kimoja sasa kinashika akiba, picha za watoto, na majina ya kila uliyezungumza naye.

Mashine inayojibu maswali ndani ya kijisanduku hicho ina historia fupi. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT alitoa ELIZA, programu iliyorudisha maneno ya mtu kwa namna ya swali. Haikujua lolote, lakini katibu wa Weizenbaum, aliyejua jinsi ilivyotengenezwa, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Siri, msaidizi wa sauti wa Apple, ikaja 2011, ChatGPT mwishoni mwa 2022. Hii ya mwisho inaandika barua haraka kuliko karani yeyote, na inaweza kukosea kwa sauti ile ile inayotumia ikipatia. Imesoma mno, ila ukiiuliza imeyasoma wapi, mara nyingine inakutungia kitabu kisichokuwepo.

Kiswahili ilichosoma zaidi yaelekea ni cha Dar es Salaam na Nairobi, si cha Kongo. Wachache wameliona pengo hilo: mwaka 2020 mkusanyiko wa tafsiri za Uviko-19 uitwao TICO-19 ulikipa Kiswahili cha Kongo nafasi yake pembeni ya kile cha pwani, na Translators without Borders ikatengeneza Uji, programu ya kujibu maswali ya ugonjwa huo kwa Kifaransa, Kilingala na Kiswahili chetu. Uji ilijua mambo machache tu. Mimi naona hilo ni sifa.

Basi msaidizi ninayemtaka ni yupi? Mchukue mama anayevuka Ruzizi asubuhi kununua bidhaa Kamembe, Rwanda, na kuziuza soko la Kadutu. Anahesabu kwa franka za Kongo, franka za Rwanda na dola kwa wakati mmoja. Umeme wa shirika la SNEL unakatika, mtandao unasuasua, na simu yake pengine ni ya vitufe. Anahitaji sauti inayomwelewa akichanganya Mashi na Kifaransa katikati ya Kiswahili, na inayomfanyia hesabu hata pasipo mtandao. Akiuliza dawa ya mtoto, imwambie imeitoa kwenye mwongozo gani, au imtume kituo cha afya bila maneno mengi. Ikikosea, irudi kusahihisha kama Bombay, ila kabla hajalipia mitumbwi. Na kabla hajafika barieri ya barabarani ambako simu yake inaweza kufunguliwa na asiyemjua, aweze kuiambia ifute mazungumzo ya wiki nzima, nayo ifute kwake na kwa kampuni iliyoitengeneza. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu kwa makampuni, maana mazungumzo yake ni mali kwao.