Mandhari meusi ya simu: yanasaidia macho na usingizi?

Mandhari meusi ni mpangilio unaofanya kioo cha simu kiwe cheusi na maandishi yawe meupe. Yalienea kuanzia 2019 kupitia Android 10 na iOS 13. WhatsApp ikayaleta 2020.

Macho: Kinachochosha macho zaidi ni kukodolea kioo muda mrefu bila kupepesa. Mchana, maandishi meusi juu ya weupe husomeka vizuri zaidi, kwa kuwa mwanga huibana mboni. Kioo kikiwa cheusi mboni hupanuka, na baadhi ya watu huona herufi zikiwa na ukungu.

Usingizi: Giza likiingia, ubongo hutoa melatonini, homoni ya usingizi. Mwanga, hasa wa buluu, huichelewesha. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwishoni mwa 2014, watu 12 walichelewa kulala kwa takriban dakika 10 waliposomea kwenye kioo badala ya karatasi. Mandhari meusi hupunguza mwanga huo, lakini video hubaki ziking'aa vilevile.

Chumba kimoja: Kongo, Kawangware, au Kibera, familia nyingi hulala chumba kimoja, pazia ndilo ukuta. Simu ya mzazi saa sita usiku humulika pia uso wa mtoto anayeamkia shule. Hapo mandhari meusi yana faida, ila kuizima simu kuna faida zaidi.

La kufanya: Punguza mwangaza usiku. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho mita 6 kwa sekunde 20. Maumivu yakizidi, nenda kliniki ya macho.