Gari Likifa Baraka

Mimi ni fundi wa magari hapa Baraka, mashariki mwa Kongo, na kazi ya kuuza piesi za magari yaliyofunguliwa niliikuta kwa wajomba zangu. Wao waliihesabu tangu tarehe 30 Novemba 1973, siku Rais Mobutu wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, alipotangaza kwamba biashara za wageni zinakuwa mali ya Wazaire. Maduka yakapata wenyewe wapya, bidhaa zilizokuwa rafuni zikauzwa, na wengi wao hawakuagiza nyingine. Shoferi aliyevunjikiwa ekseli kwenye barabara ya Uvira hakuwa na pa kuipata mpya. Ikabidi atazame lori lililokufa kando ya njia.

Toka hapo gari bovu likawa na bei. Moteri na giaboksi zilitoka kwanza, kisha difu. Hapo wazee walikuwa wakali: gia kubwa na gia ndogo za difu haziuzwi mbalimbali, maana zimekwisha kuzoeana meno, ukizitenganisha zitalia hadi zivunjike. Risoro, yaani springi, zilipelekwa kwa wahunzi zikawa mapanga na majembe, bati likawa babula za kupikia. Kilichokosekana kwetu kilifuatwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, ambako garaji zimepangana mlango kwa mlango.

Vita vya 1996 viliichafua kazi hii. Watu walivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, Tanzania, wakakaa kambi za Lugufu na Nyarugusu. Magari yaliyobaki nyuma yaliporwa, na piesi zikauzwa pasipo mtu kuthubutu kuuliza zimetoka wapi. Jina baya tulilopewa lilianzia hapo, nalo linaniuma, kwa sababu mafundi walionilea hawakugusa gari la mtu bila yeye kuwepo.

Mwaka 2005 wakimbizi walianza kurudishwa kwa meli, na mashirika yakaja na Land Cruiser za moteri ya 1HZ. Acheni niisifu moteri hii: dizeli, silinda sita, lita 4.2, haina turbo, na pampu yake ya mafuta haingoji amri ya kompyuta. Toyota iliitoa mwaka 1990 na haikuibadilisha sana, kwa hiyo gari lililozeeka linaweza kumwokoa mdogo wake. Nairobi, mji uliozoea mashindano ya Safari tangu 1953, kijana hutafuta moteri ya Subaru Impreza yenye turbo, na hana budi kuinunua pamoja na kompyuta na nyaya zake. Yule anapenda mbio, na simlaumu. Sisi wa njia ya Makobola na Mboko tunataka gari linalotoka kwenye tope la masika likiwa na mgonjwa ndani, na ambalo fundi anaweza kulifufua chini ya mwembe kwa spana zake.

Lakini jina baya lile bado halijasafika, kwa hiyo nawaomba vijana wanaouza leo: kabla ya kufungua boloni ya kwanza, andikeni namba ya shasi, jina la mwenye gari na tarehe, naye atie sahihi. Kila piesi itoke na karatasi yake. Nanyi wanunuzi, muuzaji akikosa karatasi hiyo, msimpe pesa yenu, hata bei ikiwa nusu.