Kisu cha Babu na Kovu Langu: Historia Fupi ya Kisu cha Kukunja

Kwenye kidole changu cha shahada, mkono wa kulia, kuna kovu la kama sentimita mbili. Nililipata mwaka juzi nikiwa shambani, nje kidogo ya mji wa Morogoro, nikichukua sampuli za udongo kwa ajili ya utafiti wangu wa uzamili. Nilitaka kutoboa tundu kwenye kitako cha ndoo ya plastiki. Nikatoa mfukoni kisu cha kukunja alichoniachia babu, nikakifungua, nikasukuma ncha. Badala ya ncha kuingia kwenye ndoo, bapa likajikunja kurudi kwenye mpini, na vidole vyangu vilikuwa hapo hapo njiani.

Nilishonwa nyuzi tatu. Mama alipoambiwa kwa simu alisema neno moja tu: "Kitupe."

Sasa, kutupa kisu kile sio jambo jepesi kwangu. Babu alikuwa anamenyea machungwa nacho pale kwetu Muheza, ganda linatoka zima kama kamba, halafu anakifuta kwenye msuli wake na kukirudisha mfukoni. Mimi mwenyewe nimekitegemea tangu nianze chuo: kukata kamba za katani, kuchonga penseli, kufungua mifuko ya sampuli, kukwangua udongo uliong'ang'ania kwenye jembe, na chakula cha mchana pia. Siku nikikisahau nyumbani, kazi inachelewa. Lakini kisu ambacho kinaweza kukukata wakati wowote utakitegemea vipi?

Nikakiweka kwenye droo na kuanza kusoma. Nilichogundua ni kwamba historia ya kisu cha kukunja sio historia ya makali. Ni historia ya kiungo, yaani pale bapa linapokutana na mpini.

Makali ni ya zamani, kiungo ndio kazi

Makali binadamu amekuwa nayo muda mrefu sana. Zana za mawe zilizochimbwa Olduvai hapa kwetu zina umri wa takriban miaka milioni 1.8, na jiwe lililopasuliwa vizuri hukata nyama bila shida. Tatizo halikuwa kupata kitu kikali. Tatizo ni kutembea na kitu kikali mwilini bila kujikata wewe mwenyewe.

Jibu la kwanza ni ala: unakichomeka kisu kwenye ngozi, unakifunga kiunoni. Jibu la pili ni la ujanja zaidi: mpini wenyewe uwe ndio ala. Kisu cha kukunja chenye mpini wa mfupa kilichopatikana Hallstatt, nchini Austria, ni cha takriban miaka 600 hadi 500 KK. Warumi nao walivitengeneza. Katika jumba la makumbusho la Fitzwilliam, Cambridge, kipo kimoja cha karne ya 3 BK, cha fedha chenye bapa la chuma, na ndani yake kuna kijiko, uma na hata kijiti cha kuchokolea meno. Kwa hiyo wazo la kubeba vifaa vingi ndani ya mpini mmoja sio la juzi.

Kwa visu vingi vya zamani, kiungo kilikuwa pini tu iliyopita kwenye tundu. Kilichozuia bapa lisijifunge ni msuguano, na kidole gumba cha mtumiaji.

Springi ya Sheffield na mapafu ya wanoaji

Mabadiliko makubwa yalikuja kwenye karne ya 17, na mji wa Sheffield, Uingereza, ukawa maarufu kwa visu vya springi. Mafundi wa visu wa eneo hilo walikuwa na chama chao rasmi tangu 1624. Hebu fikiria kipande chembamba cha chuma cha pua kimelala kwenye mgongo wa mpini, kinakandamiza shina la bapa. Shina limechongwa kuwa na pande bapa. Ukilifungua bapa, springi inalivuta likae wazi. Ukilifunga, springi ile ile inalivuta likae ndani. Ni rahisi, na visu vingi vya mfukoni hadi leo vinafanya kazi hivyo.

Ila tuelewane: springi haifungi kama kufuli. Inashikilia kwa nguvu kiasi, na ukiizidi nguvu bapa linarudi.

Kwa wengi, kazi ya kisu hiki ilikuwa kuandika. Kalamu zilikuwa manyoya ya bata bukini, na ncha yake huisha haraka, kwa hiyo kila mwandishi, karani na mwanafunzi alihitaji kisu kidogo cha kuichonga tena.

Bei ya urahisi huo ililipwa na watu wengine. Mabapa yalinolewa kwenye magurudumu ya mawe, na vumbi lake liliingia kwenye mapafu ya wanoaji. Friedrich Engels, katika kitabu chake cha 1845 kuhusu hali ya wafanyakazi Uingereza, alitumia taarifa za daktari wa Sheffield kueleza kwamba wanoaji wa jiwe kavu kwa wastani waliishi miaka 35 hivi, na waliotumia jiwe lenye maji ni nadra kuvuka 45. Nikisoma hapo nilisimama kidogo. Kisu kilichomlinda mtu mmoja asijikate mfukoni kilimuua mwingine taratibu kiwandani.

Mkulima wa milimani na mwanajeshi

Mwaka 1890 kwenye milima ya Savoie, Ufaransa, kijana Joseph Opinel, mtoto wa fundi wa zana, alitengeneza kisu cha wakulima: mpini wa mbao, bapa, pini, basi. Kufikia 1897 alikuwa na saizi 12. Hakikuwa na springi kabisa. Msuguano wa mbao na chuma ndio uliokishika, na mbao ikilowa inavimba na kukaza zaidi. Ilipofika 1955 ndipo kiwanda hicho kilipoongeza pete ya chuma inayozungushwa shingoni mwa kisu ili bapa lisijifunge. Yaani kwa miaka 65 watu walifanya kazi za shamba na kisu kisichofungwa na kitu chochote.

Uswisi nako, jeshi liliamua kumpa kila askari kisu cha kukunja. Sababu zilikuwa mbili: kufungua bunduki mpya kwa ajili ya usafi, na kufungua chakula cha kopo. Cha kuchekesha ni kwamba visu 15,000 vya kwanza, mwaka 1891, vilitengenezwa Solingen, Ujerumani, kwa sababu Uswisi haikuwa na kiwanda cha kuweza oda hiyo. Fundi Karl Elsener aliona aibu hiyo isiendelee, akaingia kwenye kazi na karibu afilisike. Mwaka 1897 alisajili kisu cha maofisa ambacho springi zake zilibeba vifaa pande zote mbili. Baada ya mama yake, Victoria, kufariki mwaka 1909, akakipa kiwanda jina lake. Na chuma kisichoshika kutu kilipoanza kutumika, mwaka 1921 likaongezwa neno "inox" na kuwa Victorinox.

Hicho chuma kisichoshika kutu kinahusishwa zaidi na Harry Brearley, mtu wa Sheffield, mwaka 1913. Siri yake ni kromiamu, zaidi ya asilimia 10, ambayo hujenga utando mwembamba sana juu ya chuma na kuzuia oksijeni isipite.

Kisu cha babu hakina kromiamu ya namna hiyo. Bapa lake ni jeusi. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni uchafu. Kumbe ni asidi ya machungwa: inashambulia chuma na kuacha tabaka jeusi juu yake. Weusi ule ni kumbukumbu ya machungwa yote aliyomenya.

Okapi: kisu chenye jina la mnyama wa Kongo

Kwenye bapa hilo, ukiinamisha kwenye mwanga, unasoma neno OKAPI.

Okapi mwenyewe ni mnyama wa msitu wa Ituri, Kongo, jamaa wa twiga mwenye miguu ya milia kama punda milia. Wambuti wa msitu ule walimjua tangu zamani. Wanasayansi wa Ulaya walimpa jina mwaka 1901 tu, baada ya Harry Johnston, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza Uganda, kutuma London vipande vya ngozi na baadaye fuvu. Mwanzoni walidhani ni aina ya punda milia. Fuvu ndilo lililowasahihisha.

Mwaka uliofuata, 1902, visu vya Okapi vilianza kutengenezwa Ujerumani kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni yake Afrika. Wakati huo Tanganyika, Rwanda na Burundi zilikuwa koloni moja la Wajerumani. Kilikuwa kisu cha bei nafuu kwa mtu wa kawaida: mpini wa mbao wenye mapambo ya nyota na mwezi, bapa la chuma cha kawaida kinachonoleka kwenye jiwe lolote. Wajerumani waliondolewa, kisu kikabaki. Tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini, ambako kimepata pia sifa mbaya kwa sababu ya wahalifu wanaokipenda. Kisu ni kile kile, mikono ndiyo tofauti.

Aina ya babu ina meno kwenye shina la bapa. Ukifungua unasikia kra-kra-kra, kila jino likiingia kwenye tundu la springi ya mgongoni. Kufunga, lazima uvute kapete kadogo ili springi inyanyuke. Hapa ndipo nilipopata jibu langu.

Kwa nini kilinikata

Nilichukua rula. Kutoka pini hadi ncha ni sentimita 9. Kutoka pini hadi jino linaloshika ni milimita 6. Hiyo ni nyenzo, kama zile za fizikia ya sekondari, na uwiano wake ni 15 kwa 1. Ncha ikisukumwa upande wa kujifunga kwa uzito wa kilo 2 tu, jino linabeba karibu kilo 30. Nikalitazama jino kwa lenzi ya maabara: limelika, limekuwa duara, na springi imelegea.

Lakini mbona babu hakuwahi kukatwa? Kwa sababu ukikata, chungwa linasukuma makali kuelekea nyuma, upande wa kufungua, ambako bapa lina kizuizi imara. Jino halibebi kitu. Ukitoboa, mkono ukipinda kidogo tu, nguvu yote inageukia upande wa kufunga. Kwa kazi ya kukata, kisu kile kilikuwa salama. Mimi ndiye niliyekipa kazi isiyo yake.

Nilimweleza mama hayo yote nilipokwenda likizo, nikiwa na mchoro kabisa. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Ndio maana babu yako alikuwa na msumari."

Msumari gani?

"Wa inchi nne. Alikuwa anauweka kwenye kikopo dirishani. Ukichukua kisu chake kutoboa kitu, anakugombeza: kutoboa, chukua msumari. Sisi tulidhani anaonea uchungu kisu."

Babu hakusoma nyenzo popote. Alikijua kisu chake, na huenda siku moja naye kilimfundisha kama kilivyonifundisha mimi. Urithi nilioachiwa ulikuwa na vipande viwili, nami nikachukua kimoja.

Fundi mmoja sokoni Morogoro ameikaza pini na kulichonga jino upya kwa tupa. Shughuli haikuchukua hata nusu saa. Kisu kimerudi mfukoni, kinakata kamba na kumenya machungwa, na ndani ya begi langu la shambani sasa kuna msumari wa inchi nne.

Kama nawe unacho kisu cha kukunja, kifungue leo, kiweke juu ya meza, vidole vikiwa mbali, na ukandamize mgongo wa bapa kwa kipande cha ubao. Kikijikunja, sasa unajua ni kazi gani usikipe. Na kama kilikuwa cha mzee wako, waulize waliomwona akikitumia.