Mto Chicago Ulipogeuzwa

Kiangazi kilichopita nilipiga kasia ndani ya kayaki katika kijito cha Bubbly Creek, kinachoingia Mto Chicago upande wa kusini wa mji. Korongo alisimama ukingoni akivizia samaki. Bata walinipisha bila haraka. Chini yangu mapovu yalikuwa yakipanda. Soko la mifugo la Union Stock Yards lilifunguliwa 1865, na machinjio yake yakamwaga humo damu na matumbo. Lilifungwa 1971, lakini uchafu ule ungali unaoza matopeni.

Wakazi walikunywa maji ya Ziwa Michigan, na mto ulipeleka uchafu wao ziwani humohumo. Mwaka 1900 mfereji ulifunguliwa, mto ukageuzwa kuelekea Mississippi. Wengi husifu uhandisi huo. Mimi niliwafikiria zaidi watu wa St. Louis, walioletewa kinyesi cha wenzao. Jimbo lao la Missouri lilishtaki, likashindwa 1906 katika Mahakama Kuu ya Marekani kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Jaji Holmes alikumbusha pia kwamba miji ya Missouri yenyewe ilimwaga kinyesi mtoni. Hapo nilikosa la kuwatetea.