Kufunga manifoldi mpya ya moshi kwenye Land Cruiser ya zamani

Na Mwandishi Wetu

MMILIKI wa Land Cruiser ya zamani inayotumia petroli mjini Mpanda huijua dalili kabla hajamwita fundi. Asubuhi, injini ikiwa bado ya baridi, husikika mlio mwembamba wa tik-tik-tik kutoka upande wa manifoldi. Injini ikishapata moto, chuma hutanuka, mlio hupungua au kutoweka kabisa, na safari ya Sitalike au Inyonga huendelea kama kawaida.

Mlio huo ni wa moshi unaotoroka kati ya injini na manifoldi. Hapo ndipo wengi huanza kufikiria kuing'oa manifoldi ya kiwandani, iliyotengenezwa kwa chuma cha kusubu, na kufunga ile ya mabomba, ambayo humpa kila silinda bomba lake mwenyewe kabla ya mabomba hayo kuungana chini.

Nchini Marekani kazi hii ilienea miongoni mwa vijana waliopenda magari ya nguvu ya miaka ya 1960, mfano wake ukiwa Pontiac GTO iliyotoka mwaka 1964 ikiwa na injini ya silinda nane. Magari ya namna hiyo ni nadra kuonekana katika Mkoa wa Katavi. Gari ambalo kazi hiyo inaweza kulifaa huku ni Land Cruiser yenye injini ya 2F, yaani silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa lita 4.2 na kabureta, iliyofungwa kwenye magari ya mfululizo wa 40 na 60 mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980.

Faida ya mabomba inaeleweka kirahisi. Injini ya 2F huwaka kwa mpangilio wa silinda 1, 5, 3, 6, 2 na 4. Ukiutazama mpangilio huo utaona kwamba silinda tatu za mbele na tatu za nyuma hupokezana. Kwa hiyo mabomba matatu ya mbele yakiunganishwa peke yake, na matatu ya nyuma peke yake, moshi wa silinda moja haumkuti mwenzake njiani, na injini hupumua kwa wepesi zaidi.

Hata hivyo, wepesi huo huonekana zaidi injini inapozunguka kwa kasi, na 2F si injini ya kukimbia. Nguvu yake iko chini, katika mzunguko wa polepole unaohitajika kwenye matope na changarawe. Aidha, Mpanda iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam, na hakuna bomba litakaloirudisha hewa hiyo. Kwa maoni ya mwandishi, mwenye manifoldi nzima aiache ilivyo. Mwenye manifoldi iliyopasuka ndiye mwenye sababu.

Iwapo uamuzi ni kufunga, jambo la kwanza kulijua ni kwamba katika injini hii manifoldi ya hewa na ile ya moshi ziko upande mmoja, zinatumia gasketi moja, na baadhi ya vibano vyake hukanyaga zote mbili kwa wakati mmoja. Ikiwa flanji za manifoldi mpya, yaani zile bapa za chuma zinazogusa injini, ni nyembamba au nene kuliko za manifoldi ya hewa, kibano kitabana upande mmoja na kuuacha mwingine ukipumua. Hii ndiyo sababu kubwa ya manifoldi mpya kuvuja wiki ya kwanza, na fundi kulaumiwa kwa kosa la vipimo.

Kwa hiyo pima unene kabla ya kulipia, au angalau kabla ya kufunga. Tofauti ikiwepo, zipeleke manifoldi zote mbili, zikiwa zimeunganishwa, kwa fundi mwenye mashine ya kusawazisha chuma. Rula ya chuma iliyonyooka ikiwekwa juu ya flanji huonyesha mwanga mahali palipopinda. Fedha ya kusawazisha huuma kidogo, lakini ni ndogo kuliko nauli ya kuagiza gasketi nyingine.

Kazi yenyewe ianze injini ikiwa ya baridi kabisa, gari likiwa mahali tambarare, magurudumu yamezuiwa kwa mawe au magogo na waya wa hasi wa betri umetolewa. Atakayeingia chini ya gari asitegemee jeki peke yake hata kwa dakika moja. Gari liegemee stendi za chuma. Tofali la kuchoma halifai, kwa kuwa hupasuka bila kutoa onyo.

Stadi na nati zilizokaa miaka 40 kwenye moto hazitoki kwa hasira. Zipakwe mafuta ya kulegeza kutu jioni, zirudiwe asubuhi, kisha nati isogezwe mbele na nyuma kidogo kidogo. Stadi ikikatikia ndani ya silinda hedi, kazi ya siku moja hugeuka kazi ya wiki. Kabureta na bomba la petroli vikishatolewa, matundu ya hewa yazibwe kwa kitambaa safi. Nati moja ikitumbukia humo itaisaka silinda.

Katika mfumo wa kiwandani, manifoldi ya moshi huipasha joto ile ya hewa chini ya kabureta ili petroli igeuke mvuke haraka. Mabomba mengi ya kununua hayana sehemu hiyo, na tundu linalobaki lazima lizibwe kwa bamba la chuma na gasketi yake. Baada ya hapo injini huchelewa kutulia asubuhi za Juni na Julai. Si ubovu, ila mwenye gari aambiwe mapema asije akaanza kuchokonoa kabureta isiyo na kosa.

Wakati wa kufunga, nati zote zianze kwa mkono, kisha zikazwe kwa awamu kutoka katikati kwenda pembeni, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Uzito wa bomba refu la moshi usining'inie kwenye manifoldi. Liwekewe kishikizo karibu na giaboksi. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, mabomba membamba yasiyoshikiliwa hupasuka kwenye sehemu za kuchomelea. Sailensa ibaki. Kuiondoa ni kutafuta ugomvi na trafiki na majirani kwa siku moja.

Uvujaji si suala la kelele tu. Moshi wa petroli una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Katika Land Cruiser ya zamani, yenye matundu ya kutu sakafuni na raba za milango zilizokwisha, gesi hiyo huingia kwa abiria bila kubisha hodi. Kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu katika safari ndefu visihesabiwe kuwa uchovu wa barabara. Simamisha gari, shuka, upate hewa.

Namna rahisi ya kujaribu ni kuwasha injini ya baridi nje, kuziba kidogo mdomo wa bomba la nyuma kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, huku mwingine akisikiliza kwenye manifoldi. Mfukuto wowote utasikika.

Mabomba ya chuma chembamba hutoa joto kali kuliko chuma cha kusubu. Nyaya na mipira ya breki isogezwe mbali au ifunikwe. Wakati wa kiangazi, gari lisiegeshwe juu ya majani makavu ya miombo, na nyasi zilizonasa chini zitolewe kila baada ya safari ya porini.

Baada ya injini kupata moto na kupoa mara mbili au tatu, nati zikazwe tena, kwani gasketi mpya hukaa na kupungua unene. Zirudiwe baada ya kilomita mia chache, kabla ya safari yoyote ya kwenda Sumbawanga au Tabora.