Programu za simu za kudhibiti kisukari

Programu za simu za kudhibiti kisukari ni programu zinazowekwa katika simu janja ili kumsaidia mtu mwenye ugonjwa wa kisukari kutunza kumbukumbu za sukari ya damu, chakula, dawa na mazoezi. Baadhi yake hukokotoa pia kiasi cha insulini anachohitaji. Nyingine huunganishwa na kifaa cha kupimia sukari na kupokea vipimo moja kwa moja. Nyingine hutegemea mtumiaji aandike namba mwenyewe.

Simu yenyewe haipimi sukari ya damu. Kazi yake ni kutunza, kupanga, kukokotoa na kukumbusha. Kwa hiyo usahihi wa majibu yake hutegemea namba zilizoingizwa, kizio cha kipimo kilichochaguliwa na mtu anayeyasoma majibu hayo.

Umuhimu wa kumbukumbu

Kisukari cha aina ya 1 hutokea kongosho inaposhindwa kutoa insulini. Katika aina ya 2, ambayo ndiyo ya wagonjwa wengi zaidi, mwili haitumii insulini ipasavyo na baadaye kongosho huelemewa. Kuna pia kisukari cha ujauzito. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wazima milioni 537 duniani walikuwa na kisukari. Katika kanda ya Afrika walikuwa milioni 24, na zaidi ya nusu yao walikuwa hawajagunduliwa.

Sehemu kubwa ya matibabu ya ugonjwa huu hufanywa na mgonjwa mwenyewe nyumbani. Daktari humwona kwa dakika chache siku ya kliniki. Siku nyingine zote mgonjwa ndiye anayeamua ale nini, atembee kiasi gani na, kama anatumia insulini, ajidunge kiasi gani.

Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na Kanada, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 1993, uliwafuatilia watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya 1. Waliodumisha sukari karibu na kiwango cha kawaida walipata madhara machache zaidi ya macho, figo na neva. Hata hivyo, watu haohao walipatwa na hatari ya sukari kushuka vibaya karibu mara tatu kuliko wenzao. Hapo ndipo ugumu ulipo: sukari ikizidi, huharibu viungo polepole kwa miaka, ikishuka mno, huweza kumwangusha mtu katika dakika chache. Anayetaka kupita katikati anahitaji vipimo vingi na kumbukumbu nzuri.

Kwa miaka mingi kumbukumbu hizo ziliandikwa katika daftari, na wengi bado hufanya hivyo. Daftari halihitaji chaji wala bando. Upungufu wake ni kwamba namba zimepangwa kwa tarehe tu, na si rahisi kuona, kwa mfano, kwamba sukari hupanda kila mara baada ya chakula cha usiku. Programu ya simu huchora mchoro wa namba zilezile, na mwelekeo wake huonekana mara moja.

Historia

Maduka ya programu za simu yalifunguliwa mwaka 2008: la Apple mwezi Julai na la Google mwezi Oktoba. Programu za kisukari zilifuata upesi. Mwaka 2010 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha programu ya kampuni ya WellDoc, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la BlueStar. Programu ya mySugr, iliyoanzishwa Vienna nchini Austria, ilinunuliwa na kampuni ya Roche ya Uswisi mwaka 2017.

Hatua nyingine ilitoka kwa wazazi. Mwaka 2013 John Costik, mhandisi wa programu katika jimbo la New York, alitaka kuona sukari ya mtoto wake akiwa mbali naye. Mtoto huyo alivaa kihisi cha sukari, lakini namba zake zilionekana tu kwenye kifaa kidogo kilichokuwa karibu naye. Costik aliandika programu iliyozituma kwenye intaneti. Kazi yake ilichangia kuzaliwa kwa mradi wa hiari wa Nightscout, unaotumiwa na familia nyingi.

Kampuni zilifuata njia hiyo. Kihisi cha FreeStyle Libre cha Abbott kilianza kuuzwa Ulaya mwaka 2014, na mwaka 2015 Dexcom G5 iliweza kutuma vipimo moja kwa moja kwenye simu. Nchini Ujerumani, sheria ya mwaka 2019 iliruhusu madaktari kuandikia wagonjwa programu zilizokubaliwa, gharama zikilipwa na bima ya afya.

Aina

Programu hizi huweza kugawanywa katika makundi manne:

1. Daftari za kielektroniki. Mtumiaji huingiza kipimo, chakula na dawa. Programu hutoa wastani na michoro.

2. Programu za vihisi. Kihisi kidogo huvaliwa kwenye mkono au tumbo na kupima sukari katika majimaji yaliyo chini ya ngozi kila baada ya dakika chache. Majimaji hayo huchelewa kidogo kufuata damu, hivyo namba ya kihisi huweza kutofautiana na ya kidole, hasa sukari inapobadilika haraka.

3. Programu za kukokotoa insulini. Hizi huelezwa zaidi hapa chini.

4. Programu zinazoendesha pampu ya insulini. Hupokea namba za kihisi na kuiamuru pampu iongeze au ipunguze insulini. Mfano ni CamAPS FX, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge.

Vizio vya kipimo

Sukari ya damu hutajwa kwa vizio viwili. Kimoja ni milimoli kwa lita (mmol/L), kinachotumika kwa kawaida Tanzania, Kenya na Uingereza. Kingine ni miligramu kwa desilita (mg/dL), kinachotumika Marekani na nchi nyingine nyingi. Ili kutoka mmol/L kwenda mg/dL, zidisha kwa 18. Ili kurudi, gawanya kwa 18.

Kwa mfano, sukari iliyo chini ya 3.9 mmol/L, yaani 70 mg/dL, huhesabiwa kuwa imeshuka. Kiwango cha 10 mmol/L ni sawa na 180 mg/dL.

Jambo hili huonekana dogo, lakini lina uzito. Kipima sukari kilicholetwa na ndugu kutoka Marekani huweza kusoma mg/dL, ilhali karatasi ya kliniki ya Dar es Salaam au Mombasa imeandikwa mmol/L. Programu nayo huwa na mpangilio wake. Mtumiaji anapaswa kuhakikisha kwamba kipima sukari, programu na kliniki vinatumia kizio kimoja, au ajue kubadilisha.

Kukokotoa insulini

Kwa anayejidunga insulini ya kazi ya haraka kabla ya kula, hesabu huwa na sehemu mbili: insulini ya wanga ulio katika chakula na insulini ya kurekebisha sukari iliyozidi. Tuchukue mfano wa kufundishia tu. Mtu amepangiwa na daktari uniti 1 kwa kila gramu 10 za wanga, na uniti 1 kwa kila 3 mmol/L zilizozidi lengo la 6. Sukari yake ni 12 mmol/L, na chakula chake kina gramu 60 za wanga.

Kwa chakula: 60 ÷ 10 = uniti 6.
Kwa kurekebisha: (12 − 6) ÷ 3 = uniti 2.
Jumla ni uniti 8.

Sasa kipima sukari chake kisome mg/dL. Kitaonyesha 216, ambayo ni sukari ileile. Akiandika 216 katika programu iliyopangwa kwa mmol/L, hesabu ya kurekebisha inakuwa (216 − 6) ÷ 3 = uniti 70. Kiasi hicho kinaweza kuua. Programu iliyotengenezwa vizuri huikataa namba hiyo, kwa kuwa hakuna mtu mwenye sukari ya 216 mmol/L. Vipima sukari vingi vya nyumbani huishia karibu na 33.

Si zote zinazofanya hivyo. Watafiti wa Imperial College London walichunguza programu 46 za kukokotoa insulini na kutoa matokeo mwaka 2015. Asilimia 91 hazikuwa na njia ya kukagua namba zilizoingizwa, na asilimia 67 zilikuwa katika hatari ya kutoa kipimo cha dawa kisichofaa.

Ushahidi wa kitabibu

Utafiti uliofanyika jimbo la Maryland nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2011 uliwahusu watu wenye kisukari cha aina ya 2. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, kilishuka kwa asilimia 1.9 kwa waliotumia programu ya simu pamoja na ushauri, na kwa 0.7 kwa waliopata huduma ya kawaida. Ikumbukwe kwamba taarifa za kundi la kwanza ziliwafikia madaktari wao pia. Simu ilitumika kama daraja kati ya mgonjwa na mtaalamu, wala haikuchukua nafasi ya mtaalamu.

Usalama na faragha

Programu na vifaa vinavyodai kupima sukari kwa kuweka kidole kwenye kioo au kamera ya simu havifai kuaminiwa. Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Saa inayoonyesha tu namba zilizotoka kwenye kihisi ni jambo tofauti.

Kengele za vihisi huweza kunyamaza kwa sababu ya mpangilio wa simu, kwa mfano ikiwekwa katika hali ya kutosumbuliwa au mfumo wake ukisasishwa. Mtumiaji akague kengele hizo kila anapobadilisha kitu kwenye simu.

Kuhusu faragha, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulichunguza programu 211 za kisukari za simu za Android: asilimia 81 hazikuwa na sera yoyote ya faragha. Taarifa za ugonjwa ni siri ya mgonjwa, na anayeazima simu au kuitumia pamoja na familia anapaswa kuifunga programu kwa nenosiri.

Matumizi katika Afrika

Si lazima simu iwe janja. Mwaka 2014 Senegal, kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ilianza kutuma meseji za ushauri kwa wenye kisukari wakati wa Ramadhani. Kufunga hubadilisha saa za kula na za dawa, hivyo mgonjwa anayekusudia kufunga huonana na daktari mapema.

Katika Afrika ya Mashariki kikwazo kikubwa kwa wengi ni bei ya stripu za kupimia: programu bila kipimo haina cha kutunza. Orodha za vyakula nazo mara nyingi zimetungwa Ulaya au Marekani, na huweza kukosa ugali wa muhogo, matoke, makande au vitumbua. Mtumiaji huweza kuongeza chakula chake mwenyewe akisaidiwa na mtaalamu wa lishe.

Mambo ya kuzingatia

- Kuchagua programu inayotaja mtengenezaji wake na inayokubali kizio cha kliniki.
- Kuonyesha kumbukumbu kwa daktari au muuguzi kila siku ya kliniki.
- Kutobadilisha kipimo cha insulini kwa agizo la programu ambayo daktari haijui.
- Kuwa na nakala ya dozi kwenye karatasi, simu ikiisha chaji au ikipotea.
- Mtu akitetemeka, akitokwa jasho na kuchanganyikiwa, na sukari ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, apewe kwanza sukari ya gramu 15, yaani vijiko vitatu au vinne vya chai, kama anaweza kumeza; apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asipewe chochote mdomoni, bali apelekwe hospitali mara moja. Kuandika kwenye simu kutafuata baadaye.