Baiskeli Kuukuu na Mafundi Wake Katika Nchi ya Didia

Wanaoandika juu ya baiskeli katika Usukuma huanza na pamba, na kwa kiasi fulani wana haki. Reli iliyotoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Shinyanga, na bidhaa za ng'ambo zikapata njia nyepesi ya kuingia bara. Kati ya 1950 na 1966 mavuno ya pamba ya nchi za kusini mwa Ziwa yaliongezeka mara kadhaa. Vyama vya ushirika vya wakulima vikaungana mwaka 1955 katika Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mashuhuri. Mkulima aliyekwisha kupimiwa pamba yake na kulipwa alinunua bati, nguo, ng'ombe na baiskeli. Basi baiskeli ikaingia katika maandiko kuwa dalili ya ustawi, nayo ikahesabiwa siku iliponunuliwa.

Lakini baiskeli hununuliwa mara moja, na baada ya hapo hutengenezwa miaka ishirini au thelathini. Habari za kununua zimo katika hesabu za forodha na za wenye maduka. Habari za kutengeneza hazikuandikwa, kwa maana fundi aliyeketi chini ya mti hakutoa stakabadhi, na hakuna afisa aliyemwuliza amefanya kazi gani.

Chukua mathalani Didia, katika barabara itokayo Shinyanga mjini kuelekea Tinde. Nchi ya huko ni tambarare, yenye udongo wa kichanga penye miinuko na udongo mweusi wa mbuga mabondeni. Utambarare humfaa mpanda baiskeli, udongo haumfai. Wakati wa kiangazi vumbi huchanganyika na mafuta ya mnyororo yakawa kama msasa. Wakati wa mvua tope la mbuga hujaa kati ya tairi na madigadi hata gurudumu likakataa kuzunguka. Miiba ya migunga haina majira.

Chombo chenyewe kilikuwa baiskeli ya kazi ya Kiingereza, ya Raleigh ya Nottingham au ya wenzao: fremu nzito ya chuma, magurudumu ya inchi 28, breki za fito za chuma. Waundaji waliweka spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa kujua kuwa uzito mwingi hukaa nyuma. Uzito waliouwazia, hata hivyo, ulikuwa wa mpandaji mmoja. Gunia la mahindi na mgonjwa wa kupelekwa zahanati hawakuwamo katika hesabu yao.

Penye mnyororo ndipo panapoonekana vizuri akili ya kazi hii. Kila kiungo kina urefu wa nusu inchi, hivyo viungo 24 vikiwa vipya ni inchi 12 kamili. Pini zikilika, kila kiungo hurefuka kwa unene wa unywele, na viungo 24 huzidi kipimo. Mnyororo uliorefuka hupanda juu ya meno, nayo meno hulika mpaka yakapinda kama kulabu. Mwenye fedha hununua mnyororo mpya, kisha hushangaa kuona unaruka kila akanyagapo kwa nguvu: mnyororo mpya haupatani na meno ya zamani. Kubadili kitu kimoja, basi, ni kulazimika kubadili vitatu, yaani mnyororo na magurudumu yote mawili ya meno. Kwa mkulima mwenye fedha ya kitu kimoja, dawa ni mnyororo kuukuu uliolika kwa kadiri ile ile ya meno yake. Gololi nazo zina sheria hiyo. Gololi mpya ikitiwa kati ya zilizolika, kwa kuwa ni kubwa kuliko wenzake hubeba mzigo wote peke yake, ikaharibu kikombe. Kwa hiyo rundo la vyuma vyenye kutu lililo miguuni pa fundi, ambalo mgeni hulidhania takataka, ni ghala lake, na kujua ni kipi katika rundo kinalingana na kipi ndiyo elimu yake kubwa.

Elimu hiyo ilipata thamani mpya baada ya 1974, watu wa mkoa wa Shinyanga walipohamishiwa katika vijiji vipya. Nyumba zilikusanywa, mashamba ya wengi yakabaki mbali, na haja ya baiskeli ikazidi. Muda si mrefu vipuri vikaadimika. Vita na Uganda vya 1978 na 1979, pamoja na kupanda kwa bei ya mafuta, vilimaliza fedha za kigeni, na baiskeli ya Swala iliyoundwa Dar es Salaam haikutosha nchi nzima. Msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 ukawatia wenye maduka hofu hata ya kuonyesha kidogo walichokuwa nacho. Mambo yaliyokuwa yakifanywa na asiye na fedha sasa yalimlazimu hata mwenye fedha: kipande cha tairi bovu kulazwa ndani ya tairi lililopasuka, raba ya breki kukatwa katika tairi jingine, pini ya mkono wa pedeli kutengenezwa kwa tupa kutoka kipande cha nondo.

Ingekuwa rahisi kuunganisha ufundi huu na Warongo wa Geita, wahunzi walioyeyusha chuma na kufua majembe kabla ya yale ya Ulaya kuenea. Wazo hilo lina mvuto, bali ushahidi wake ni haba. Mhunzi huanza na jiwe na moto akaamua mwenyewe umbo la jembe. Fundi wa baiskeli hupokea umbo lililoamuliwa Nottingham, na kazi yake ni kulitii kwa vifaa visivyotosha.

Biashara ilipolegezwa mwaka 1984, baiskeli za China na India zilianza kuingia kwa wingi zaidi, miongoni mwao Phoenix ya Shanghai. Zilifuata umbo lile lile la Kiingereza, hivyo vipuri vingi viliingiliana na rundo la fundi halikupoteza kazi. Mjini Shinyanga vijana walibeba abiria kwa baiskeli, watu wakaziita daladala, mpaka mwishoni mwa miaka ya 2000 pikipiki zilipoanza kuzishinda. Mnyororo wa pikipiki huuzwa katika boksi moja pamoja na magurudumu yake mawili ya meno, na asiye na fedha ya boksi zima humwendea fundi amchagulie katika rundo.